Jina Ambalo Kavata Alikupa Kanisani

Kabati, Jumapili jioni

Mwaitu Kalekye, binti yangu,

Leo asubuhi ulidanganya mbele ya kanisa zima, na watu wakakupigia makofi. Nimeliandika hilo kwanza ili usifike nusu ya barua hii ukidhani ni ya kukuaga. Kukuaga nitakuaga kesho stendi, kwa mdomo, mbele ya shangazi zako, na nitacheka kama mama mwingine yeyote. Hapa nimekasirika. Nimekasirika tangu saa nne na nusu, jua linakaribia kuzama, na bado sijapoa.

Kwamba Kilungu unakoenda kazini kuna baridi, kwamba ubebe sweta mbili, kwamba usimzoee sana mwenye nyumba, hayo umeyasikia wiki nzima na umeyachoka. Tuyaache. Una barua ya kazi iliyoandikwa waziwazi: mkalimani wa lugha ya ishara, shule ya sekondari ya wasichana, wanafunzi viziwi wanne. Nimekaa na watoto viziwi karibu maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuiona kazi hiyo ikiandikwa kwa jina lake kwenye karatasi. Siku barua ilipokuja nililia, na uliniona. Kwa hiyo usije ukasema mama ana wivu.

Nilikuwa benchi la tatu, upande wa wanawake, na niliona kila kitu. Mchungaji alikuita mbele uombewe safari. Umesimama pale na gauni lako la bluu, watu wanatabasamu, na ndipo Kavata akaingia. Kavata fundi wa nguo, kiziwi, ambaye hajakanyaga kanisa letu tangu ahamie Kabati miaka miwili iliyopita. Alikuwa amepata habari kwamba kuna msichana anayejua ishara, akaja kuona. Alisimama karibu na mlango, akakupungia mkono, nawe ukaanza kumfasiria. Mpaka hapo nilikuwa nimejaa fahari hadi shingoni.

Kisha mchungaji akamwona.

"Aiya, leo hata bubu wetu amekuja!" akasema, na alikuwa na furaha ya kweli. "Wapendwa, tunyoshe mikono, tuombee huyu mama, hiyo pepo ya ububu itoke."

Na wewe, kwa mikono yako mizuri ile, ukamwambia Kavata: "Wanakukaribisha. Wanakuombea baraka."

Kavata hakufumba macho. Alikujibu polepole, ili usipotewe na hata neno moja: "Mwambie mimi si mgonjwa na sina pepo. Nimekuja kwa sababu leo kuna mtu wa kunifasiria Neno. Kama ni kuombewa pepo, narudi kushona."

Ukageukia kipaza sauti. "Anasema asante sana, anashukuru kwa maombi, Mungu awabariki."

Amina, amina, na makofi. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu msichana ako na hekima." Kavata akakutazama kidogo, akafanya ishara moja ndogo mdomoni, akatoka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniuliza, "Mama, ile kitu alifanya mwisho ni nini? Hatukufundishwa hiyo." Sikukujibu. Tumekula muthokoi bila kusemeshana, na wewe umeenda kufunga sanduku lako ukiwa umenuna, na haki unayo. Uliuliza swali la kawaida ukapewa mgongo. Jibu ninalo, lakini siwezi kukupa kabla sijakueleza nililitoa wapi.

Kwanza jua kwamba hukumficha kitu. Kavata anasoma midomo. Neno "pepo" analiona kutoka upande wa pili wa barabara, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Shule yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa shule ya msingi ya kawaida huku kwetu Kitui, na nyuma ya vyoo walikuwa wamejenga chumba kimoja cha masomo na bweni dogo kwa ajili ya watoto viziwi. Mimi nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo, na nilipewa kile chumba kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Siku hizo tuliambiwa kwamba mtoto kiziwi akiachiwa mikono hatajifunza kusema kamwe. Basi tukawafundisha midomo. Unashika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, unasema "pa", karatasi inaruka, na mtoto anajaribu hadi ya kwake nayo iruke. Sauti zisizorusha karatasi tulizifundisha kwa koo. Mtoto aliweka kiganja kooni mwangu, akahisi ninavyotetemeka nikisema, kisha akaweka kiganja hicho hicho kooni mwake. Tulifanya hivyo asubuhi hadi mchana, mwaka baada ya mwaka. Na yeyote aliyesema kwa mikono darasani, nilimchapa mikono kwa rula. Ndiyo, mimi. Si hedimasta, si mwalimu mwingine.

Halafu jioni nilienda bwenini, na mikono ile ile niliyoichapa ndiyo iliyonifundisha ishara. Walinifundisha bila kinyongo, na hilo linaniudhi hata leo, kwamba hawakuwa na kinyongo. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka minne, umebebwa mgongoni na Kavata. Ishara ya maji uliijua kabla ulimi wako haujaweza kulitamka neno lenyewe vizuri. Watu wakikusifu kwamba ulizaliwa na kipaji, wacha wasifu, lakini wewe ujue ulikipata mgongoni mwa nani.

Kavata alikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nikichukua kisirisiri karatasi za majaribio za darasa la saba la wanaosikia, nampa azifanye, na kwenye hesabu aliwaacha wote. Alitaka kitu kimoja tu, kuufanya mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Hakuna kiziwi wa shule ile aliyewahi kuufanya. Hedimasta hakutaka hata kusikia. Shule yake ilikuwa na sifa wilayani, na aliogopa mtoto mmoja wa kile chumba asije akaiharibu. Alichokipenda kutoka kile chumba ni maji. Katikati ya masomo aliwatuma viziwi mtoni wakafukue mchanga hadi maji yatoke, wayabebe hadi nyumbani kwake, tena kila siku. Hakuwatuma wale wengine kwa sababu wale wangeenda kusema nyumbani. Hawa wangemwambia nani? Wazazi wao hawakujua ishara, na mtu pekee aliyeweza kuyatoa maneno yao nje ya lile bweni alikuwa mimi.

Muhula wa pili ikasemekana afisa wa elimu anakuja kutoka Kitui mjini, na kwamba atawaona watoto viziwi mwenyewe, awaulize mmoja mmoja anataka nini baada ya darasa la saba. Kavata alifua sare yake siku mbili mfululizo. Alinifanyia mazoezi ya atakachosema, na mimi nikamrekebisha hapa na pale, nikamwambia vizuri sana, sema hivyo hivyo.

Siku moja kabla ya ugeni hedimasta akaniita ofisini.

"Mwalimu, wewe ndio unajua kuongea na hawa," akasema. "Kesho afisa akiuliza, usiniletee maneno mingi. Huyo msichana aende kushona. Hata ni kumsaidia, si ndiyo? Na ile fomu yako ya chuo cha ualimu iko hapa kwa droo, nangoja tu kuweka sahihi."

Hakunitisha, Kalekye. Alitabasamu. Alinikaribisha chai. Ningependa kukwambia alipiga meza, ili na mimi nionekane nilikuwa na sababu.

Kesho yake tulisimama chini ya ukuta wa darasa, afisa amekaa kwenye kiti, hedimasta kando yake. Afisa alikuwa mtu mzuri. Hilo nalo nilitaka ulijue. Aliuliza kwa upole, "Na huyu msichana, yeye anataka nini?"

Nikamfasiria Kavata swali vile vile lilivyo. Akajibu, na hayakuwa yale tuliyofanyia mazoezi. Alikasirika katikati. Alisema, "Nataka mtihani. Nataka kusoma mbele. Najua hesabu kuliko wao. Huyu mtu ananitoa darasani nimchotee maji, halafu anasema viziwi hatujui kitu." Na alimwonyesha hedimasta kwa kidole, hivi, mkono umenyooka.

Nikasema, "Anasema anapenda kushona, bwana. Anawashukuru walimu wote."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mwangu mara nyingi kuliko Baba Yetu. Yalitoka yakiwa yamenyooka kabisa, hata sauti haikunikwama. Afisa akaandika.

Kavata alikuwa akiitazama midomo yangu. Akakunja uso, kama alivyokuwa akikunja darasani akikosa neno. Akanisogelea, mbele ya wote, akaweka kiganja chake kooni mwangu. Alitaka nirudie. Alidhani macho yake yamekosea, na nilikuwa nimemfundisha kwamba macho yakikosea, koo haliwezi kukosea.

Afisa akacheka kwa furaha. "Huyu anakupenda sana, mwalimu. Haya, umesema anapenda nini?"

Na mimi, mkono wa yule mtoto ukiwa kooni mwangu, nikarudia. "Anapenda kushona."

Akautoa mkono. Hakulia, hakunifanyia fujo. Alienda akasimama na wenzake, akatazama chini. Muhula haujaisha, mama yake akaja kumchukua kwa miguu, akaniuliza kwa Kikamba mtoto amekosa nini. Nikamwambia hajakosa kitu, ni mpango wa serikali. Akanishukuru, Kalekye! Akaniachia kuku mmoja. Na wewe uliponiuliza Kavata ameenda wapi, nikakwambia amemaliza shule. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi niliowadanganya kwa neno moja.

Nilienda chuo. Nikarudi na cheti, mshahara ukapanda, nikakusomesha. Nguo ulizovaa zilitoka kwenye ile fomu ya kwenye droo. Sikwambii hivi ili uzione mbaya. Nakwambia kwa sababu nimechoka kuwa mtu pekee hapa nyumbani anayejua.

Miaka mingi nilijitetea kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa, lakini uoga ni nusu tu yake. Hebu nikwambie hiyo nusu nyingine, kwa maana ndiyo niliyoiona kwako leo, na wewe hukuwa na fomu kwenye droo ya mtu yeyote. Niliona aibu. Kwetu mtoto hamnyoshei mzee kidole. Hasira ya Kavata ilikuwa inapita mdomoni mwangu, na nilihisi kwamba nikiitoa ilivyo, watu watadhani ni mimi niliyekosa adabu. Kwa hiyo niliilainisha. Nikajiambia ninamkinga mtoto. Nikajiambia namheshimu mzee. Wewe leo umemkinga mchungaji asiaibike, na umemkinga Kavata asiumie, na kati ya hao wawili hakuna aliyekuomba. Aliyepona ni wewe, uliyeondoka pale mbele ukiwa msichana mwenye hekima.

Ungesema kweli, mchungaji angeudhika. Acha audhike. Ni mtu mzima, angelala, angeamka. Pengine hata angejifunza kitu, maana si mtu mbaya, lakini sasa hatajua kamwe, atakwenda kaburini akidhani Kavata alimshukuru.

Hasira ya mtu mwingine si yako kupunguza. Ni hilo tu nililojifunza, na limenichukua miaka yote hii, na bado leo nimenyamaza benchini wakati nilipaswa kusimama. Mimi pia nilijua alichosema. Mle kanisani tulikuwa wawili tuliojua, na wote wawili tukamwacha atoke peke yake. Kwa hiyo hasira hii usidhani ni yako yote.

Sasa ile ishara.

Unajua viziwi hawakuiti kwa jina la kwenye cheti. Wanakutazama siku kadhaa, kisha wanakupa ishara yako, na ukishapewa huwezi kuirudisha. Mimi mwanzoni waliniita Pengo, kidole kikigusa meno ya mbele, na nililipenda sana jina hilo. Baada ya siku ya afisa, nikawa naingia bwenini naona watoto wanatumia ishara nyingine. Vidole viwili vinapita juu ya midomo, taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta asubuhi. Nilidhani wanataka mafuta. Nikawaletea kopo la mafuta ya kujipaka, wakatazamana. Kadogo kamoja kakanielekezea kidole, kakapaka midomo yake, kakanielekezea tena. Mpaka-Midomo, yaani mtu anayeyapaka maneno ya wengine mafuta kabla hayajatoka. Kavata aliondoka, jina likabaki, na kila mtoto aliyekuja baada yake alifundishwa kuniita hivyo bila hata kujua sababu, na wewe sikukuruhusu tena kuingia lile bweni. Nimefundisha kile chumba hadi mwaka juzi nikiitwa hivyo.

Hilo ndilo alilokufanyia leo pale mlangoni. Halikuwa tusi. Alikuwa anakuita kwa jina langu.

Ndiyo maana nilitoka baada ya chakula, wewe ukidhani nimeenda kwa shangazi yako. Nilienda kwa Kavata. Miaka miwili amekuwa pale kwenye veranda ya duka la mbegu, na miaka miwili mimi nashonesha nguo zangu Kitui mjini, nikizungukia nyuma ya soko nisipite mbele yake. Leo alikuwa peke yake na cherehani, anamalizia sare kwa sababu shule zinafunguliwa. Kivuli changu kikaangukia kitambaa. Alijua ni mimi. Hakuinua uso.

Wewe unaijua kazi hii, unajua maana yake. Anayesikia akikukasirikia, unaweza kusema naye hata amekupa kisogo. Kiziwi asipokutazama, huna pa kuyaweka maneno. Nilisimama pale na mikono yangu hewani, naanza sentensi, naishusha, naanza tena, mwanamke mzima, wapita njia wananitazama. Alishona mkono mmoja wa shati hadi mwisho. Akashona wa pili. Ndipo akakata uzi kwa meno akaniangalia.

Nikamwambia yote. Hedimasta, fomu, droo. "Nilidanganya juu ya ulichosema," nikasema.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Nikamwambia Jumapili ijayo nitasimama kanisani nimweleze mchungaji alichosema kweli. Uso wake ukawa mkali. "Maneno yangu utayabeba tena wewe? Nani amekutuma?" Akaokota sare nyingine, akaikunjua, kisha akasimamisha mikono juu yake. "Mtoto anajua?"

"Hapana."

"Nilimbeba mgongoni," akasema. "Mwambie mtoto."

Akainama, akaanza kukanyaga cherehani. Sikumwuliza kama amenisamehe.

Wasichana wanne wa Kilungu watakutazama kabla hawajakupa jina. Hapo sina la kukusaidia. Lakini gari lako linaondoka saa mbili asubuhi, na Kavata hufungua saa moja, na kutoka stendi hadi ile veranda hata jasho hutoki. Maneno yake ya leo uliyaacha njiani wewe, si mimi, na mchungaji naye husubiri gari pale pale kila Jumatatu akienda mjini. Mwulize Kavata anataka yapelekwe au la. Akisema yapelekwe, yapeleke yalivyo. Akikataa kukutazama, weka sanduku chini usubiri.

Mwambie mtoto, alisema. Nimekwambia.

Mama yako, ambaye jina lake sasa unalijua.